Ng'ombe wa Pembe Ndefu wa Kanzenze

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa pikipiki na mtungi mzito wa naitrojeni ya maji, ambayo ni baridi kiasi cha kuunguza ngozi. Ndani yake mlihifadhiwa mirija myembamba ya mbegu za madume ya Kizungu. Kazi yangu ilikuwa uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mkono bila kumpeleka kwa dume. Nilikuwa nimerudi Rwanda na wazazi wangu kutoka Karagwe, nikiwa na cheti cha mifugo na Kiswahili ambacho watu wa mji wa mpakani wa Gisenyi walikicheka kwa upole.

Mkuu wa Mifugo wa Wilaya, mtu aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka ambako Kiswahili huchanganywa na Kifaransa, aliniambia ofisini kwake kwamba nimekuja kuleta maziwa, mengine yote yatasubiri. Hakukosea. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Nyakiriba, na huko niliona nyumba ambazo watoto walikunywa chai bila maziwa zikianza kuuza maziwa. Ng'ombe wetu wa asili, yule wa pembe ndefu, hutoa maziwa ya kumtosha ndama wake na kikombe cha mgeni. Ng'ombe chotara, aliyezaliwa na mama wa asili kwa mbegu ya Kizungu, alijaza ndoo. Kila mtu alimtaka, na madume ya asili yakawa yanahasiwa au kuuzwa buchani. Nami nilihasi mengi.

Baadaye nilihamishiwa Kanzenze. Huko ushirika wa wafugaji ulikuwa umenunua ng'ombe wa Kizungu waliokaribia kuwa damu kamili, kutoka milima ya baridi ambako kupe ni wachache. Malisho yao yalipakana na ya Mama Zainabu, mjane aliyeishi mtaa wa Nengo mjini Gisenyi na mwenye duka la vitambaa huko. Marehemu mumewe alimwachia kundi la ng'ombe wa asili pamoja na dume lao. Alikuwa akipanda gari mara kwa mara kuja kuwaangalia, akiwa na viatu vyake vya mjini mkononi.

Mvua ndefu zilipokuja, ng'ombe wa ushirika walianza kufa. Ilikuwa ndigana kali, ambayo kwetu inaitwa ikibagarira, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni. Tezi za chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na mnyama hufa akitoa povu puani. Dawa ya sindano ipo, lakini isipowahi haisaidii. Nilizunguka mabanda nikiwa na sindano tangu asubuhi, na bado tulizika.

Ng'ombe wa Mama Zainabu walikuwa wanakula majani upande wa pili wa ua kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilichukua damu yao nikaipeleka maabara, na majibu yakaonyesha kwamba wengi wao walikuwa na vimelea vya ndigana, yaani vijidudu vinavyosababisha ugonjwa huo. Habari zilifika kwa Mwenyekiti wa ushirika kabla sijashuka kwenye pikipiki. Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wamekufa wawili, na wa tatu, chotara aliyezaliwa palepale Kanzenze, alikuwa amelala chini hali chakula.

Mkuu wa Mifugo aliitisha mkutano uwanjani. Mwenyekiti alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ng'ombe zake njo zinatuletea ugonjwa. Ziondoke ao zichinjwe."

Mkuu aliyashika majibu ya maabara. "Bon," alisema. "Damu iko na vijidudu. Donc, kwa hiyo kundi hili linaenda buchani."

Mama Zainabu hakulia. Alisema tu, akinitazama mimi na si Mkuu, "Bwana yangu aliniachia hizi ng'ombe. Mukizichinja, mi nitabakia na nini ya kumukumbuka?"

Niliogopa kusema. Mkuu alikuwa bosi wangu, na sehemu ya hoja yake ilikuwa kweli: kupe akimnyonya ng'ombe mwenye vimelea, huvipeleka kwa mwingine. Lakini nilimwomba jambo moja, kwamba kabla ya kutia saini amri ya kuchinja tupite pamoja banda kwa banda tuone nani amekufa na nani amepona. Akaomba buti.

Tulitembea mchana kutwa kwenye matope. Waliokufa walikuwa karibu wote ni wale wa damu ya Kizungu waliotoka kwenye baridi. Machotara waliozaliwa hapa, wengi wao ndama wa dume la Mama Zainabu, lililozoea kuvuka ua, kwa mama wa Kizungu, walikuwa wameugua lakini wengi walisimama tena baada ya sindano. Wa asili hawakuugua kabisa. Nilimweleza Mkuu jinsi nilivyoelewa: ndama wa asili huumwa na kupe tangu wiki zake za mwanzo, na mwili wake hujifunza. Zaidi ya hapo, kwa vizazi vingi wasioweza kustahimili walikufa kabla ya kuzaa, na waliostahimili waliwaachia watoto wao nguvu hiyo katika damu. Kuwachinja kusingewaondoa kupe majanini, ila kungetuondolea nguvu hiyo.

Tulifika kwa Mwenyekiti mwisho. Tulimkuta amechuchumaa mbele ya chotara wake, na yule ng'ombe alikuwa amesimama, miguu ikitetemeka, anacheua. Mwenyekiti alimpapasa tezi ya chini ya sikio na kusema kwa sauti ya chini kwamba uvimbe umepungua.

"Baba yake ni nani?" Mkuu aliuliza.

Mwenyekiti alifuta mikono kwenye suruali. Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa ua.

Mkuu alikunja ile karatasi ya amri akaitia mfukoni. "Hakuna atakayechinjwa," alisema. "Mutaogesha ng'ombe zote dawa ya kupe, zenu na zake, siku moja. Na lile dume lisihasiwe." Nilikaa kwenye jiwe la mlangoni bila kuomba ruhusa. Mwenyekiti aliniletea maji. Jioni hiyohiyo alivuka ua kwenda kumsalimia Mama Zainabu, na sikusikia walichosema, ila niliona anapewa kiti.

Tangu hapo nilibadilisha kazi yangu. Palipo na kupe sikusukuma tena damu ya Kizungu kizazi baada ya kizazi. Nilishauri watu wabakize nusu ya damu ya asili. Maziwa yalipungua kidogo, vifo vikapungua sana. Wilaya ilianza pia kukusanya mbegu za madume ya pembe ndefu, na nikazibeba kwenye mtungi uleule.

Sasa nimestaafu, naishi Nengo, na simu ikilia alfajiri sirukii tena buti. Wanaoanza kazi hii wana vipimo ambavyo sisi hatukuviota, na nawaombea wasiwe na haraka ya kufuta walichokikuta. Mkuu naye alistaafu akanunua shamba dogo juu ya barabara ya Kanzenze. Mwaka jana alinipigia akiomba nimsaidie kuchagua mitamba. Nilimuuliza anataka wa aina gani.

"Chotara wa nusu," alisema. "Mi niko mzee, nataka kulala usiku."