Utupa wa Dukani

Baba alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, alituita mimi na mdogo wangu Lazaro akatuambia kwamba siku ya arobaini yake tusinunue migebuka ya Kigoma. Watu wapikiwe samaki wa kijito chake, wavuliwe na wanawe, kwa ndoano zake. Hakusema neno juu ya mashamba wala nyumba. Kwa hiyo Alhamisi moja ya mwisho wa mvua nilipanda basi la alfajiri kutoka Kasulu, ninakofundisha, mkebe wake wa ndoano ukiwa katika mfuko wa koti langu.

Inafaa niueleze mkebe huo. Baba hakuvua kwa chambo. Alipokuwa kijana alimtumikia padri mmoja mgeni aliyevua samaki kwa kujifurahisha tu, jambo ambalo kijiji kizima kiliona ni wazimu, na kwa padri huyo akajifunza kufunga manyoya ya shingo ya jogoo kwenye ndoano ndogo mpaka ikafanana na mdudu. Aliirusha juu ya maji kwa fimbo ndefu ya mwanzi, na samaki aitwaye kuyu, akidhani panzi ameanguka, anairukia. Mimi ni mtoto wa kwanza, nikarithi mkebe. Ujuzi wenyewe hakuna aliyeurithi.

Saa nne nilikuwa Kibondo. Siku hizi lami imefupisha safari, na anayesinzia kidogo hukosa kuona muhogo ulioanikwa kandokando ya barabara na tanuri za matofali zinazofuka moshi kila kilima. Dukani niliponunua mshipi wa kuvulia, mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Tanga, alilitazama tumbo langu akaniuliza kama naenda kuvua au kuvuliwa. Nilicheka mpaka nikasahau chenji. Bodaboda ilinifikisha kwetu adhuhuri, na mama akanipokea kwa ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Alikuwa amekonda sana.

Ijumaa tulishinda kijitoni, mimi na Lazaro. Maji yalikuwa ya kahawia bado, yanakwenda mbio kushuka upande wa Malagarasi. Nilirusha ndoano ya manyoya ikanasa kwenye magugu. Nikairusha tena, ikanasa kwenye shati la Lazaro. Hadi saa nane tulikuwa na kuyu wawili wa urefu wa kiganja na kambare mmoja mwembamba.

Chini kidogo ya pale tulipokuwa, jirani yetu Domitila alikuwa akikamata kaa. Ni mjane aliyekuwa akimletea baba mchuzi wa kaa katika ugonjwa wake wote, na mama husema ndicho chakula cha mwisho alichokimaliza. Alipiga magoti majini, akaingiza mkono chini ya jiwe mpaka begani, uso ukielekea juu kama mtu anayesikiliza jambo, kisha akautoa na kaa mweusi amebanwa mgongoni kwa vidole viwili. Aliniita nijaribu. Nilibanwa kidole, damu ikatoka, na yeye akacheka mpaka akakaa chini.

“Mwalimu, hawa hawaogopi fimbo,” alisema. “Uwaendee polepole, nk'umwana asinziye.”

Yaani kama mtoto aliyelala. Kwa muda wote niliomjua sikupata kumwona akifanya jambo kwa haraka.

Tulipokuwa tukirudi Lazaro alikuwa amenuna. Ukoo mzima ungekuja Jumapili, na sisi tuna samaki watatu. Kumchangamsha, nikamkumbusha utupa. Tulipokuwa wadogo, kiangazi, wazee walitwanga majani ya kichaka hicho wakayamwaga kwenye kidimbwi cha kijito, samaki wakalewa wakaelea, tukawaokota kwa vikapu. Kijiji kizima kilikula na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Nilisema, nayakumbuka maneno yangu, kwamba utupa haujawahi kumuua mtu. Lazaro alisema vichaka vyote vilifyekwa wakati wa kupanua mashamba. Nikasema basi ndiyo hivyo, na maongezi yakaishia hapo.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta mabeseni mawili uani yamejaa. Kuyu, kambare, hata wale wadogo wenye mistari ambao sikuwaona tangu utotoni. Sitaficha: nilifurahi. Nilimwita mama aje aone. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni, akasema baba yenu amewasikia.

Kisha nikamuuliza Lazaro amewapataje. Akajibu kwamba ni utupa.

“Si ulisema umefyekwa?”

“Wa dukani, kaka. Ni yale yale. Unawalewesha tu.”

Alinionyesha chupa. Ilikuwa dawa ya kuulia viwavi wa mahindi, ile ya kuchanganya kifuniko kimoja kwa bomba zima la maji, na yeye alikuwa ameimwaga yote alfajiri pale juu ya kidimbwi. Hakuwa na wasiwasi wowote. Kwake kitu kinacholewesha samaki ni utupa, na utupa tuliula tangu utoto, na kaka yake mwalimu alithibitisha jana. Alisema mama atawaosha kwa maji ya moto.

Niliwamwaga samaki wote kwenye shimo la takataka nikaanza kuwafukia. Mama aliingia ndani. Lazaro alinishika mkono akisema ninamwaibisha baba. Chupa niliitia katika mfuko wa koti, watoto wasije wakaiokota, na nikiwa na jembe mkononi ndipo nilipomkumbuka Domitila na yale mawe yake, maji yanakoshukia kutoka kidimbwini.

Tulikimbia. Kando ya kijito kaa walikuwa wametoka wenyewe, wamelegea juu ya nyasi, wengine wamegeuka matumbo juu. Yeyote angewaokota bila hata kulowesha mkono. Nyumbani kwake tulimkuta ameketi chini akiegemea ukuta, jasho linamtiririka na mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Jikoni sufuria ilikuwa bado ya moto. Alikuwa ameonja na kula kidogo, iliyobaki amewawekea wanawe waliokwenda kupalilia. Niliibeba nikaimwaga chooni.

Njia ya kwenda Kibondo ilikuwa fupi nilipokuja, siku hiyo haikwisha. Dereva wa bodaboda mbele, Domitila katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Mwili wake ulikuwa ukitetemeka vipande vipande, na alitapika begani kwa dereva, ambaye aliongeza mwendo. Lazaro alitufuata kwa pikipiki nyingine.

Mlangoni mwa hospitali Lazaro alinisogelea, analia.

“Kaka, sema uyoga. Nitafungwa. Sema uyoga, nakuomba.”

Daktari alikuwa msichana aliyehamishiwa kutoka pwani, mwenye Kiswahili laini na mikono myepesi. Aliniuliza mgonjwa amekula nini. Nikasema kaa, na huo ulikuwa ukweli. Akasema kaa hawamfanyi mtu hivi, je, kuna sumu yoyote, dawa ya shamba, ya panya, chochote. Alisema nifikirie vizuri kwa sababu tiba inategemea jibu hilo.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameketi sakafuni, ameshika kichwa. Nilimfundisha mimi kutembea mtoto huyu.

“Sijui,” nikasema.

Wakamtundikia maji na kumsafisha, wakawa wanabahatisha. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu nami niliitazama. Ilikwenda dakika ishirini na kitu. Kisha Domitila, ambaye nilidhani hajitambui, alinishika mkono wa koti, akanivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake.

“Sufuria,” alisema. “Abana. Wasile.”

Nilimwambia nimeshaimwaga, wanawe hawatakula. Alilegeza mkono. Hapo ndipo nilipoitoa chupa nikampa daktari, naye aliisoma akiwa tayari anakimbia.

Domitila alifariki alasiri.

Jioni nilimuuliza daktari kama dakika zile zingebadili kitu. Alinawa mikono muda mrefu kabla ya kujibu.

“Sijui kama angepona, Mwalimu. Ila ningeanza mapema.”

Jumapili arobaini ilikuwa na maharage na watu wachache. Lazaro hakusubiri kufuatwa, alikwenda mwenyewe kituoni asubuhi baada ya kumuaga mama, na kesi yake ipo. Jumatatu tulimzika Domitila. Kijito kilikuwa kimya, hata vyura hawakuwapo, na mkebe wa manyoya niliufukia miguuni pa kaburi la baba.

Jumanne nilirudi Kasulu kwa basi la mchana. Wenzangu shuleni waliuliza habari za uvuvi nikawaambia maji yalikuwa machafu. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kujua jambo la haki, akawa nalo kabisa mkononi, na bado akatazama saa. Miaka yote nimewafundisha watoto waseme kweli, na niliwaadhibu walipochelewa kuisema.

Jumanne hiyo, kabla sijapanda bodaboda ya kuondoka kijijini, binti mkubwa wa Domitila alikuja kuniaga. Alinishukuru kwa kumpeleka mama yake hospitali. Kisha akauliza kama mama alisema neno lolote mwishoni. Nilimweleza habari ya sufuria, akalia, akasema ndivyo alivyokuwa. Aliponipa mkono sikumwambia kwamba mama yake alipokuwa akilisema neno hilo, akivuta koti langu kwa nguvu zilizobaki, chupa ilikuwa ndani ya koti hilohilo, mfuko wa kushoto, karibu na vidole vyake. Namwambia sasa.