Nilimfunika kwa Mpapai, Tableti Ikamfunua

Admin wangu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Nifiche jina tu, maana hapa Katoro hata kikohozi changu wanakijua. Nina miaka arobaini na tisa, mjane, nauza dagaa sokoni, shule niliishia la nne, na mdomo ninao, sikatai. Wenzangu wananiita redio. Lakini hili ninalowaletea sikulisema kwa mtu, na huko kutosema ndiko kumenitia matatani.

Kuchora nilianzia kwa bibi, kijijini huko Shinyanga. Mavuno yakiisha tunasiliba nyumba kwa udongo na mavi ya ng'ombe, halafu bibi ananipa kijiti alichokitafuna ncha, nachora ng'ombe na kuku ukutani kwa majivu na udongo mwekundu. Sheria yake ilikuwa moja tu: ng'wanawane, mwanangu, ukikosea, siliba. Unapaka udongo juu, ng'ombe mbaya kaisha, hakuna atakayejua alikuwepo. Nilivyoolewa nikaendelea kwa mkaa kwenye maboksi, mpaka saluni mbili hapa mjini zikaniita niwachoree vichwa vya misuko ukutani. Kimojawapo ni cha shoga yangu, na mpaka leo watu wanapita wanamtania kwamba anashinda saluni hasukwi akaisha.

Mwaka huu binti yangu Minza, anaishi Ngokolo, Shinyanga mjini, akaniletea tableti na kalamu yake. Nikacheka, kalamu haina wino. Akanifundisha siku mbili, hapa rangi, hapa brashi, hapa unavuta kwa vidole viwili kitu kinakuwa kikubwa. Jamani, nikanogewa. Na uzuri wake, ukichora kwa mkaa watu wanakuzunguka, huyu anataka umnenepeshe, yule umvalishe cheni ya dhahabu. Ukishika tableti wanajua unaangalia tamthilia, wanakusahau.

Sasa huyo shoga yangu, tumwite Mama Holo, meza yake na yangu zinagusana pale sokoni mwaka wa kumi na saba huu. Nilipofiwa na mume wangu, yeye alilala kwangu wiki tatu. Mumewe ana karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu, na maharage ya vibarua wake ananunua kwa dada mmoja nyuma ya soko. Hakuna wa kushangaa akimkuta pale, hata mimi napenda kukaa pale kivulini. Basi siku hiyo nachora ua wa yule dada, Baba Holo kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharage. Mwanaume ambaye kwake hata kikombe hasogezi. Nikamchora, kofia, magoti, na lile sikio lake lililokunjika juu kama ukingo wa chapati. Mtoto wa yule dada, kama miaka minne hivi, akaja akamwegemea. Nikaanza sikio la mtoto. Nimefika nusu, mkono ukasimama. Nilikuwa nachora sikio lilelile mara ya pili.

Mtoto yule nimembeba, nimempangusa kamasi, mama yake nimemsengenya weee, na sikuwahi kuona. Kumbe kuchora kunakulazimisha uangalie. Nikaogopa, nikafanya alivyonifundisha bibi, nikasiliba. Nikaweka mpapai mkubwa juu ya Baba Holo, majani, mapapai matano, akaisha. Mtoto nikamwacha ameegemea mti. Na mdomo nikaufunga, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Jumapili Minza akaja kunisalimia. Akafungua tableti, akabonyeza mahali, akasema tuwaonyeshe watu mama yake anavyojua. Mimi kwa sifa nikamwambia weka, tena rusha kwenye kundi la kwaya. Sikuangalia. Sikujua kile kitu kinatunza kila mstari tangu wa kwanza, ukikibonyeza kinachora upya chote kama video. Kwaya nzima ikamwona Baba Holo anatokea, kofia, magoti, sikio, mtoto anakuja, sikio, halafu mpapai unaota juu yake taratibu. Minza alifuta, lakini walishasambaziana. Wengine waliandika hongera. Na Mama Holo naye yumo kwenye kundi hilo.

Kesho yake meza yake ilikuwa tupu. Jioni akaingia kwangu, akakaa, akakataa maji. Angenitukana ningepona. Akasema polepole, "Wewe ambaye hata mbuzi wa mtu akizaa huwezi kunyamaza, hili ndilo ukaliweza?"

Nikamwambia niliogopa kumuumiza. Akasema hajaja kwa maneno. "Nitolee huo mpapai. Halafu nivutie hayo masikio kwa vidole vyako viwili. Holo nimemzaa mimi na sikio la baba yake, nitayajua."

Nikamdanganya chaji imeisha. Akasema atasubiri mpaka Jumamosi.

Asubuhi yake akaja Baba Holo. Mtu mzima kanizidi, akavua kofia mlangoni. Anaomba nimwambie mkewe kwamba mimi bado najifunza, sikio ninalojua ni moja tu, kila ninayemchora nampa hilohilo. Uongo mzuri, hata mimi nilitaka kucheka. "Shemeji," akasema, "nyumba yangu iko kwenye kalamu yako."

Jamani, mimi na uongo si wageni, ila huu hautembei. Mama Holo yuko ukutani saluni, anajua ninavyochora. Nikikataa kufungua, nimeshajibu. Nikifungua, nimemvunjia nyumba mtu aliyenishika msibani. Na jana yule mtoto kaja mezani kwangu kuomba dagaa kama kawaida yake, nikampa huku natazama chini, nashindwa kumwangalia kichwa.

Jumamosi ni keshokutwa. Tableti nimeificha kabatini chini ya vitenge, chaji imejaa. Nishaurini wenzangu, akija akakaa pale mbele yangu, nifungue au nisifungue?