Vistari vya Mama

Juzi, kwenye mazoezi ya kwaya hapa Nangwa, nilipewa karatasi ya nota iliyojaa vistari, na kabla sijaimba nilishajisikia kuchoka.

Nilipokuwa mtoto, kule kijijini kwetu Daudi, baba alikuwa mwalimu wa kwaya, na mimi ndiye niliyemnakilia nota, kila mwimbaji karatasi yake: d, r, m, yaani do, re, mi, kwa kalamu ya bluu. Mwenyewe sikujua kuzisoma. Penye kistari hapakuwa na herufi, kwa hiyo niliamini hapo mwimbaji anapumzika.

Mchana mmoja mama alirudi kutoka kuvuna vitunguu saumu, mikono inanuka, mgongo haunyooki. Nikamwonea huruma. Kwenye karatasi yake niliandika herufi moja tu, halafu nikajaza vistari mstari mzima.

Mazoezi ya siku hiyo yalikuwa sebuleni kwetu. Wenzake wa sauti ya pili walipanda na kushuka. Mama alibaki palepale, akiivuta sauti ileile hadi mishipa ya shingo ikatokeza, maana baba alishawafundisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachoimbwa.

Baba akanyamazisha kwaya, akaitazama ile karatasi. "Nani kaandika hivi?"

"Mimi, baba. Nilitaka mama apumzike."

"Kistari siyo kupumzika. Ni kuvuta sauti, usiiachie."

Mama alikuwa bado anahema. "Mwache mtoto," alisema. "Nimeshapumzika."

Kisha akachukua mundu, akaenda kukata majani ya ng'ombe.