Sahani Nne kwa Kina Elsa

Juzi nimeona watu wakigombana mtandaoni, eti Waswidi hawamlishi mtoto wa jirani aliyekuja kucheza. Nikacheka peke yangu. Mtoto huyo ni mimi.

Alasiri ile, pale mtaani kwetu Madinat Sultan Qaboos, Maskati, nilikuwa nacheza chumbani kwa Elsa, binti wa jirani zetu Waswidi. Harufu ya samaki na siagi ikaingia, mama yake akamwita.

"Ningoje hapa," Elsa akaniambia. "Tunakwenda kula."

Nikachungulia. Watu wanne, sahani nne. Nikahesabu tena, zikabaki nne. Na mimi nilishatayarisha "nimeshiba" zangu mbili za adabu, nikikaribishwa mara ya tatu nikubali! Vijiko viligonga sahani, hakuna aliyeniita. Nikaamini nimewakosea.

Nyumbani mama akauliza, "Wamekukaribisha chakula?"

Nikisema hapana, ataona wametudharau na sitokanyaga tena kule, na mtaa mzima rafiki yangu alikuwa Elsa tu.

"Nimekula, mama."

"Nna wali wa nazi na papa hapa, mwanangu."

"Nimeshiba."

"Hata kidogo?"

"Nimeshiba."

Nikangoja ya tatu. Mama akafunika sufuria.

Siku hizi najua kuwa kwao, kumlisha mtoto wa watu ni kumharibia chakula alichopikiwa na mama yake. Waliniachia nafasi tumboni kwa ajili ya wali ule ule.

Kesho ya siku ile, alasiri, nilirudi kwa Elsa. Ila nilikula kwanza nyumbani, sahani mbili.