Mpira wa Pedali ya Nne

Mpira wa baiskeli ukikatwa juani una harufu yake, kama maziwa yaliyoungua. Juzi mjukuu wangu Kapinga alikuwa anaukata mlangoni, na mara moja nikarudi Likasi, mtoto wa miaka tisa, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini.

Baba yangu, Kalenga, alitaka kupeleka baiskeli mbili Mwadingusha, kwa kaka yake aliyekuwa mvuvi. Gari lilikuwa la Nonko Ilunga, kaka wa mama, lakini halikuwa na galeri, kile chuma cha kubebea mizigo juu ya paa. Dukani Baba alibonyeza galeri moja kwa kidole, ikapinda. "Hii ni ya kubebea makofia!" Ya kuning'iniza nyuma aliikataa, eti matope yatakula magurudumu. Akaenda kwa jirani, Baba Mwansa, fundi wa kuchomelea kiwandani. Siku ya tatu ikaja galeri nzito, ya mabomba ya kampuni, ile njano ya mali zake zote imefunikwa rangi nyeusi.

Mama aliitazama tu. "Kalenga, ile njano tunaijua wote."

"Kampuni si ndiyo baba na mama yetu?"

"Hata kwa mama yako, ukiiba umeiba."

Asubuhi ya safari baiskeli zililazwa kichwa chini juu ya galeri. Baba alifunga viti na magurudumu kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, pedali akaniachia minye, yaani mimi, sababu ya vidole vyangu vyembamba. "Pedali iko kama mukono, mama. Ukiiacha, itakwangua langi yote."

Nikafunga tatu. Kipande cha nne kilikuwa kirefu, laini, hakina fundo. Na Ngoie, mtoto wa jirani, alikuwa ananicheka kila siku kwenye mchezo wa kuruka lastiki, ile kamba ya mpira, eti yangu ni mafundo matupu. Nikakitia mfukoni.

Hatujafika mbali, nikasikia juu ya kichwa changu: kwaru, kwaru. Nonko, aliyekuwa anaendesha, aliimba kwa nguvu zaidi. Kila shimo la barabara, kwaru tena. Nikisema, wataniuliza mpira uko wapi.

Kwenye kizuizi askari hakuomba hata karatasi. Aliangalia juu. Pedali ilikuwa imekula rangi nyeusi, na njano inang'aa kama kiini cha yai.

"Na hii, papa, ulinunua wapi?"

Aligonga bomba kwa rungu lake.

"Nani alichomelea?"

Jina la Baba Mwansa lilikuwa kinywani mwetu wote.

"Ni minye, shefu," Baba akasema, yeye ambaye hata kushika chuma cha moto hakujua.

Kabla askari hawajampandisha kwenye gari lao, aliniinamia. Akanyoosha gauni langu, akasukuma kitu ndani ya mfuko wangu. "Utunze mama yako."

Alirudi kutoka gerezani misimu miwili ya mvua imepita, amekonda, tukiwa Kambove kwa Nonko, maana nyumba ya kampuni ilishapewa wengine. Hakuniuliza kitu. Lastiki ile sikuiruka hata siku moja.

Miaka mingi baadaye, mwanangu Kabwe aliiba sukari, karatasi yake ikachungulia mfukoni, na baba yake alikuwa anaingia. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukaisukuma ndani. Hapo nikasimama katikati ya jikoni. Siku ile ya kizuizi, mkia wa mpira ulikuwa unaning'inia nje ya mfuko wangu. Baba aliuona, akanifichia. Na sasa nilipoelewa, alikuwa amekwisha kuzikwa.