Kikebe Kwenye Kopo la Sabuni

Mtaani walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu akisema anachoma. Baba yake walimwita Kidogo. Jina hilo alijitafutia mwenyewe: kila alipoulizwa amekunywa kiasi gani, hata akiwa amelala mlangoni na kiatu kimoja, alijibu kidogo tu.

Kidogo alikuwa na kipaji cha kuuza, ila aliuza vya nyumbani. Ilianza redio, ikafuata pasi, kisha mlango wa choo, na huo mpaka leo watu wanajiuliza aliubebaje bila kuonekana. Mama alichoka, akarudi kwao. Akabaki Sindano na wadogo zake wawili, na cherehani ya mkono iliyowalisha wote, Kidogo akiwamo.

Maji yalipomfika shingoni, Sindano alitumia akili. Kila alipomaliza kushona alichomoa bobini ya uzi wa chini pamoja na kikebe chake cha chuma, kisichozidi kizibo cha chupa, akavificha kwenye kopo la sabuni ya kufulia; bila hivyo cherehani haishoni. Baba yake hakuwa mtu wa kuisumbua sabuni.

Jumamosi moja aliamka akakuta meza tupu, cherehani haipo. Jumatatu alitakiwa kupeleka mashati arobaini ya shule. Akiyawahisha, mwalimu mkuu angempa sare zote za mwaka. Kumi na moja yalikuwa bado hayana kola. Alikaa chini akalia, tena kilio cha kweli. Kisha akaikumbuka sabuni, akanawa uso, akaanza kukata kola.

Kidogo alizunguka na cherehani begani tangu asubuhi. Kila fundi aliipokea, akafungua kifuniko cha chini, akamrudishia. Mafundi wanajua: cherehani iliyovuliwa kikebe, mwenyewe hajaiuza. Mbio za sakafuni zikaishia ukingoni. Saa kumi jioni alirudi amelowa jasho, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi hakunuka pombe. Hakuwa ameuza kitu, angeinunua kwa pesa gani?

"Mwanangu, cherehani yako mbovu," alilalamika. "Mafundi wanne wamenicheka."

Sindano alitoa kikebe kwenye kopo, akakipuliza unga wa sabuni, akakichomeka, akashona kola ya kwanza mbele yake. Mzee alitazama mshono ulivyonyooka. Kisha akashika mpini akaanza kumzungushia. Walifika shati la tano, mzee akalitazama kopo.

"Hicho kikebe," alisema mwishowe, "kesho kifiche kwingine. Hapo nimeshapaona, na mimi najijua."

Sindano alitaka kucheka, akainamia mshono. Alimpenda baba yake saa ile kuliko alivyokuwa amejiruhusu kwa miaka.

"Sawa, baba," alisema. "Zungusha taratibu, tunafika konani."

Jumatatu mashati yalifika arobaini. Kikebe kilihamishwa, na mahali penyewe hatupataji hapa, maana Kidogo anajua kusoma.