Pua ya Mwololo

Mume wangu Mwololo ana kichwa ngumu, na nalisema hilo mapema nisije nikaonekana namsingizia. Ni fundi wa magari ya zamani hapa Kabiria, yale ya kabureta, ambayo mafundi wa siku hizi wakifungua boneti wanakuna kichwa na kuuliza kompyuta inachomekwa wapi. Yeye hana kompyuta. Kwa miaka ishirini na tatu amefanya kazi kwa pua. Ananusa moshi, ananusa plagi, anachomoa kijiti cha oili anakinusa, halafu anakuambia petroli inazidi au haifiki. Na ni kweli, huwa hakosei.

Mwezi wa sita homa ilimlaza wiki mbili. Homa ikaenda, ikaenda na pua. Niligundua mimi, siku aliyomaliza kikombe cha maziwa yaliyochacha, akapangusa mdomo, akasema asante Mama Kasyoka. Nilichukua tambara lililolowa petroli nikampitishia usoni kama natania. Hakushtuka hata kidogo. Alinishika mkono, akasema, “Itarudi. Usiambie mtu.”

Haikurudi. Tangu hapo pua ni mimi. Kibanda changu cha chai kiko mlangoni mwa gereji, kwa hivyo haikuwa kazi ngumu. Gari ikiletwa napeleka kikombe, nainama karibu na injini kama natafuta mahali pa kukiweka. Nikisikia petroli nasema, “Chai ni moto.” Nisiposikia nasema, “Kunywa tu.” Wateja walidhani tunapendana sana. Tunapendana, lakini si kiasi hicho.

Sasa Jumanne moja asubuhi akaja Nyakio, mwalimu mstaafu wa Dagoretti, na Pijo 504 yake ya rangi ya maziwa, ambayo anaipenda kuliko nyumba anazopangisha. Gari ilikuwa inakohoa na kutoa moshi mweusi. Nikapeleka chai. Harufu ilinipiga kabla sijainama.

“Chai ni moto, Baba Kasyoka,” nikasema. “Moto sana.”

Akafungua kabureta. Ndani mna kibakuli cha petroli, na juu ya petroli kuna kitu kinaelea, floti. Kibakuli kikijaa, floti inasukuma kisindano kinachoziba njia, petroli inasimama. Kile kisindano kilikuwa kimelika ncha. Petroli ilikuwa haina wa kuizuia, inaingia tu mpaka inafurika na kumwagika nje, na chini yake pale pale ndipo kuna ekzosi, lile bomba la moshi lenye moto. Hata mimi muuza chai nilielewa maana yake.

Kisindano cha namna hiyo huwezi kupata Kabiria. Ni kwenda mpaka River Road mjini, duka moja la vipuri vya zamani. Mwololo hakutaka kumwacha mteja amekaa peke yake kwenye benchi, akanituma. Nilimvuta kando kwanza.

“Usiiguse mpaka nirudi.”

“Nitaigusa na nini, na kisindano sina?” akanijibu, na lilionekana jibu la mtu mwenye akili.

River Road nilifika vizuri, ila mwenye duka alikuwa mtu wa pole pole. Akavua miwani, akavaa miwani, akapanda ghorofani stoo, akashuka na makopo matatu, akaanza kumwaga visindano kwenye gazeti kimoja kimoja. Nikapiga simu gereji nijitulize.

“Usiwe na wasiwasi,” Mwololo akaniambia. “Kile kisindano cha zamani nimekisugua na msasa, kinashika kabisa. Nataka niwashe nione.”

“Nani amenusa?”

Nikasikia kwa mbali Nyakio anakohoa.

“Baba Kasyoka, nauliza nani amenusa?”

Akakata. Nikapiga tena, hakushika.

Nambari ya Nyakio ninayo. Nilikuwa nimeshaitoa kwenye simu, kidole kiko juu yake. Lakini nimwambie nini? Mwalimu, toka kwenye gari, fundi wako hana pua? Huyo mwanamke anajuana na kila mwenye gari la zamani kutoka Dagoretti mpaka Karen. Unga wetu ungemwagika hapo hapo dukani. Na Kasyoka wetu yuko kidato cha tatu, karo inatoka gereji. Sikupiga. Hilo nalisema wazi kwa sababu mpaka leo linaniuma.

Mwenye duka alipokipata kisindano nilikinyakua, nikakimbia na kiatu kimoja kinatoka, nikarukia bodaboda. Njia nzima niliona moto tu. Mbele yetu kulikuwa na moshi wa mtu anachoma mahindi, nikampiga dereva bega aongeze mwendo. Nilimuomba Mungu na kumtukana mume wangu kwa zamu, na sijui ni lipi nililifanya zaidi.

Kwenye lango la gereji harufu ilinipokea. Si harufu ya kutafuta, ilikuwa inachoma macho. Pijo inaunguruma, boneti juu, Nyakio yuko ndani nyuma ya usukani, ameweka leso puani. Mwololo ameinama kwenye injini, na petroli inachuruzika karibu kabisa na mkono wake, upande asiouangalia.

“Fundi, unasikia hiyo?” Nyakio akauliza.

Mwololo akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho.

“Nasikia, Mwalimu. Ni tapeti za vali zinagonga. Zikipata moto zitanyamaza.”

Kiswahili chetu kimetupa neno moja la masikio na la pua, na Mwololo alikuwa amejificha ndani ya neno hilo miezi mitano. Nyakio akatoa leso puani. “Tapeti?” akasema. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

“Piga tena,” Mwololo akamwambia.

Na yule mama mkono wake ukaenda kwenye ufunguo, kwa sababu fundi wa miaka mingi akisema piga, unapiga.

“Usiwashe!” Sauti ilinitoka mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. “Mwalimu, toka kwa gari. Mwololo hasikii harufu. Hasikii kabisa, tangu mwezi wa sita.”

Nyakio alichomoa ufunguo polepole. Akashuka, akasogea mpaka ukutani ndipo akaongea. Mwololo alikuwa ananiangalia mimi. Nimeolewa naye miaka kumi na tisa na sijawahi kuona uso ule. Halafu akaangalia chini, akaiona petroli, akarudi nyuma hatua mbili.

“Nyinyi wawili,” Nyakio akasema, “mlikuwa mnanichezea na chai?”

Mwololo alikwenda kuchukua matambara.

Tulingoja injini ipoe, tukafuta petroli yote, Mwololo akaweka kisindano kipya. Alipima floti mara tatu. Gari ilipowashwa, Nyakio hakumgeukia yeye. Alinigeukia mimi, mbele yake, akauliza, “Mama Kasyoka, wewe unasemaje?” Niliinama nikanusa kila mahali. Nikasema iko kavu. Nilitamani ardhi inimeze.

“Na magari mengine?” Nyakio akauliza. Hakuwa amekasirika tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Yale uliyotengeneza?”

“Yote amenusa Mama Kasyoka,” Mwololo akasema. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akakwama. Nilijua amefika wapi, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimefika hapo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mwingi kwa dada yangu, siku nne nzima, na gereji haikufungwa.

Akatoa simu. Wa kwanza kati ya wateja wa siku hizo nne alikuwa Were wa Kawangware. Were akasema gari imekaa tu nyumbani, akauliza kuna shida gani. Mwololo akamwambia asiiwashe, atakuja kuiangalia. Wa pili alikuwa Nzau, ambaye Datsun yake hubeba watoto wanne kwenda shule na kurudi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Nyakio aliangalia saa. Ilikuwa saa tisa na nusu, wakati wa watoto kutoka.

Mara ya tatu Nzau akashika, na nyuma yake nilisikia watoto wanaimba.

“Nzau, simama kando ya barabara. Zima gari, toa watoto.”

Nzau alicheka, tulimsikia sote. Akasema kama ni ile harufu, si kitu, wameshaizoea, wanafungua tu madirisha.

Mwololo alifumba macho. Ukweli wa pua yake hakuwahi kuutamka, hata kwangu usiku kitandani.

“Nzau, nisikize. Hiyo gari niliitengeneza na mimi sisikii harufu. Sina pua. Toa watoto sasa hivi, nakuja.”

Watoto wakaacha kuimba. Tukasikia milango inafunguka, mmoja, wa pili. Nyakio alikuwa ameshafungua mlango wa Pijo, anatuambia tuingie.